Mguu wa Mama na Kozi Ndefu

Mama alikanyaga msumari asubuhi, akienda kufungua kibanda chake cha mboga, na hakujua mpaka jioni alipovua viatu akakuta soksi imegandamana na damu. Hakusikia uchungu wowote. Kisukari kilikuwa kimemla hisia za miguu kitambo.

"Kuja uone hii kitu," aliniita, kwa sauti ile ile ambayo angeniitia nione sufuria iliyotoboka.

Nilikuwa kidato cha nne wakati huo, karibu na mtihani. Tulikaa pembeni ya Kitengela, upande wa kwenda Isinya, pale ambapo magorofa ya mawe yanaishia na nyua za miiba zinaanza. Baba ni Mmaasai wa huko huko. Aliwahi kuchunga ng'ombe mahali ambapo sasa pana kituo cha mafuta. Mama alikuja kutoka Murang'a akiwa msichana kuuza mboga barabarani, akawa mteja wa maziwa ya Baba, na baadaye wakaoana huku kila upande ukisema haitadumu. Ilidumu. Mimi nilipewa jina la mama yake, kwa hivyo Mama hakuwahi kuniita jina langu. Aliniita "maitu", yaani mama yangu kwa Kikuyu. Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa Gataka, kule Rongai, na alikuwa na watoto wadogo. Nyumbani tulikuwa watatu.

Kidonda kilianza kidogo kama kifungo cha shati. Kikafanya mdomo, kisha kikafanya shimo. Sista mmoja, muuguzi wa kliniki, alinifundisha kukifunga, kwa sababu Mama hangeweza kwenda kule kila siku, na barabara yetu mvua ikinyesha ni udongo mweusi unaovua watu viatu. Nilichemsha maji na chumvi, nikayaacha yapoe, nikaosha mikono mpaka vidole vikakunjamana, nikabandua shashi ya jana polepole, nikaosha, nikaweka mpya. Mama alitazama ukutani akiniuliza habari za shule. Harufu ya kidonda cha kisukari ina utamu fulani ndani yake, na huo utamu ndio mbaya zaidi. Ulinifuata darasani. Nilifanya mtihani wa historia nikiusikia puani.

Baada ya mtihani walimkata vidole viwili hospitalini, upande wa Kajiado. Matokeo yangu yalitoka akiwa bado wodini. Sikuwa nimepita vizuri, wala sikuwa nimeanguka. Alama yangu ilitosha kuniingiza kwenye uuguzi kwa unywele mmoja.

Hakuna mtu aliyeshangaa nilipotaja uuguzi. Swali lilikuwa ni uuguzi upi. Kulikuwa na kozi fupi ya usaidizi wa wauguzi katika chuo kidogo kilichokuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, hapo hapo Kitengela mjini. Ningeenda asubuhi na kurudi jioni, na mguu wa Mama ungeoshwa. Halafu kulikuwa na kozi ndefu, ile ya diploma, Loitokitok chini ya mlima, ambako ningelala huko huko kwa miaka zaidi ya mitatu. Anayemaliza ile ndefu anafanya mtihani wa baraza la wauguzi, na akipita anasajiliwa kuwa muuguzi, popote atakapokwenda. Anayemaliza ile fupi ni msaidizi, na msaidizi anaishi kwa neno la aliyemwajiri.

Baba mkubwa, ndugu ya Baba, alikuja kulizungumza jambo hilo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja na fimbo yake, akanywa chai, akamwuliza Mama hali ya mguu, akaangalia bandeji kwa muda mrefu kama mtu anayekagua kwato.

"Mtoto akienda Loitokitok," alisema, "hii mguu nani anaosha?"

"Mguu ni wangu," Mama alisema.

"Sijasema si yako. Nimeuliza nani anaosha."

"Mungu."

"Mungu ako na kazi mingi." Alisema hivyo bila kucheka. "Hii ya hapa karibu ni kozi pia. Anavaa nguo ya kazi, anaitwa sista, anarudi nyumbani. Iko na shida gani?"

Mama alikuwa amekaa kwenye kochi na mguu juu ya kiti. Alijivuta akakaa wima.

"Mimi nimelala ile wodi," alisema. "Nimeona vile kunaenda. Kuna yule anaulizwa na kuna yule anatumwa. Daktari akiingia, anauliza mmoja. Yule mwingine anatumwa beseni. Mimi sikuamka saa ya giza kununua sukuma wiki miaka hiyo yote ndio mtoto wangu akuwe wa kutumwa beseni."

"Hata wa beseni anakula."

"Sijasema hakuli."

Wote wawili wakamgeukia Baba. Baba alikuwa mlangoni, mgongo kwenye fremu, akitazama nje. Ni mtu ambaye maneno humtoka kwa shida, kama mwiba uliozama.

"Wacha aseme mwenyewe," alisema.

Nikasema nitaenda ile ya karibu. Watu husikia hivi wakadhani nilikuwa najitoa kwa ajili ya Mama, na sipendi wakidhani hivyo. Ukweli ni kwamba sikuweza kufikiria mkono wa mtu mwingine kwenye ule mguu. Nilikuwa nimeujua kila kona yake. Baba mkubwa akashukuru Mungu, akamaliza chai. Mama akageuza uso ukutani, na kwa siku kadhaa alinisemesha tu akitaka maji au chumvi.

*

Mwalimu wetu katika kozi fupi alikuwa muuguzi mstaafu, mama mwembamba aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Siku ya kwanza tulikuwa tumejaa darasani, wasichana watupu na mvulana mmoja, mashine ya kukata vyuma ikilia chini yetu dukani. Alingoja mashine inyamaze.

"Nyinyi hamtakuwa wauguzi," alisema. "Mtasaidia wauguzi. Mtaosha mgonjwa, mtamlisha, mtamgeuza asioze mgongo, na hiyo ni kazi ya heshima. Lakini watu wasiojua watawaita sista. Msiitike."

Wasichana wawili walitoka siku hiyo na hawakurudi. Walikuwa wamedhani ni njia ya mkato. Mimi nilibaki kwa sababu alisema kweli, na kwa sababu saa kumi ningekuwa nyumbani.

Mwaka huo kidonda kilifunga, kikafunguka, kikafunga. Nilijifunza kumgeuza mtu mzito bila kuumiza mgongo wangu, na kumlisha mtu asiyeweza kumeza. Mama alikubali nimfanyie mazoezi ya masomo yangu, lakini hakuuliza kitu. Zamani angeuliza. Angetaka kujua mwalimu ni nani, ana watoto wangapi, ametoka wapi.

Kisha tukapelekwa hospitalini kujifunza kazi. Wodi ya wanawake ilikuwa na sista mmoja wa zamu kwa vitanda vyote, na vitanda vingine vilikuwa na wagonjwa wawili, mmoja kichwa huku na mwingine kichwa kule. Sista alikuwa mwanamke wa makamo, mwepesi, asiyekaa. Alijua nazungumza Kimaa, lugha ya Wamaasai, na tangu siku ya kwanza aliniita kila alipopata mgonjwa kutoka mbali.

Ndivyo nilivyomjua yule mwanamke kutoka ng'ambo ya Bissil. Alikuwa wa rika langu, pengine mdogo kuliko mimi. Alikuwa amejifungulia nyumbani, akatoka damu nyingi, na wakati mume wake anapata gari midomo yake ilikuwa imeshakuwa rangi ya majivu. Mtoto alikuwa mzima, amebaki na nyanya yake. Walimpima, damu ikatafutwa, ikapatikana. Nilikuwa nimesimama pale wakisoma jina kwenye mfuko na jina kwenye mkono wake, wawili wakisoma kwa sauti kama inavyotakiwa. Wakafungulia damu. Sista akaitwa kitanda cha mwisho, ambako bibi mmoja alikuwa ameanguka kifafa.

Mimi nilikuwa nampangusa uso. Aliniambia kwa Kimaa kwamba mgongo unamuuma. Kisha akasema kuna kitu kimemkalia kifuani. Kisha akaanza kutetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta.

Nilikimbia. Sista alimwacha yule bibi mikononi mwa mwenzangu, akaja mbio, akaifunga damu, akaita daktari, akamwekea maji ya mshipani, akachoma sindano, na mdomo wake haukukoma kuniambia niulize hili, niulize lile, na mimi nikiuliza kwa Kimaa na kujibu kwa Kiswahili. Mwanamke alinishika kidole gumba. Hakushika mkono wote, alishika gumba tu, kama mtoto mchanga anavyoshika. Sikuwa na la kufanya ila kumwachia.

Alitulia jioni. Kesho yake mkojo ukakatika. Kesho kutwa akafa, asubuhi, jua likiwa limeshaingia wodini, mimi nikiwa nalisha mgonjwa wa kitanda cha pili uji.

Mume wake alikuwa amelala nje kwenye nyasi kwa siku hizo zote, amejifunika shuka. Daktari alikuwa kijana na hakujua Kimaa. Sista alinitazama, na nikaelewa kabla hajasema.

"Mwambie pole pole," alisema.

Tulitoka, sista na mimi. Mume alisimama. Nilimpa salamu, akaitikia, na nadhani alijua kutokana na vile nilivyoirefusha salamu. Nilimwambia. Hakulia. Aliangalia mikono yake, akaniuliza, "Ilikuwa nini?"

Nikamgeukia sista. Sista akaeleza haraka, kwa maneno ya kitabu, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, kuhusu damu na figo na mwili kujipiga vita wenyewe. Nilishika neno hapa na neno pale. Nikamgeukia yule mwanamume nikasema, "Damu ilimkataa."

"Damu inakataaje mtu?" aliniuliza.

Sikujua. Alingoja. Alikuwa na subira ya watu waliozoea kungoja mvua, na akanitazama usoni kabisa, kwa sababu kwake mimi nilikuwa mtu wa hospitali, nimevaa nguo ya hospitali, na nazungumza lugha yake. Nikarudia yale yale maneno. Akatikisa kichwa polepole, akasema ashe, yaani ahsante, akaenda kukunja shuka lake.

Nilirudi ndani nikamaliza kulisha yule mgonjwa. Uji ulikuwa umepoa.

*

Nilikaa na jambo hilo kwa majuma kadhaa. Nilimwendea mwalimu wetu wa sweta, nikamwuliza kama ni kiburi kutaka kujua kitu ambacho hakingemsaidia yule mwanamke hata kidogo. Maana sista alijua, na bado mgonjwa alikufa.

"Si kiburi," alisema. "Lakini usifikiri ukijua utalala vizuri. Mimi nimejua miaka mingi."

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa nje, kwenye kivuli cha ukuta, anachambua maharagwe. Nilikaa kando yake nikamwambia nataka kwenda Loitokitok.

Hakuinua macho kutoka kwenye maharagwe. "Umekawia wapi?" aliuliza.

Ndiyo siku tuliyoanza kuzungumza tena vizuri.

Swali la mguu lilibaki. Dada alisema kwa simu kwamba Mama aende akae kwake Gataka, lakini Mama alikataa kulala katika nyumba ya mkwe wake. Kumweka msichana wa kazi aoshe kidonda, huyo msichana angetoroka juma la kwanza. Tulikuwa bado tunaligeuza jambo hilo wakati Baba, aliyekuwa ameingia kutafuta kamba, alisimama katikati ya chumba.

"Mimi nitaosha," alisema.

Mama alicheka. Kisha akaona Baba hafanyi mzaha, akakoma.

Kwa wanaume wa rika lake ile haikuwa kazi ya kuonekana ukifanya. Ng'ombe akiwa na kidonda, Baba angekaa naye siku nzima. Mguu wa mke ulikuwa habari nyingine. Nilimketisha mbele ya beseni nikamfundisha kuosha mikono, na akaosha mara tatu kwa sababu mara mbili za kwanza nilimrudisha. Vidole vyake vilikuwa vigumu, vimepasuka, lakini vilikuwa na uangalifu ambao sikuutarajia. Alibandua shashi bila kuvuta. Alipofika kwenye shimo lenyewe alisimama, akaliangalia. Alikuwa hajawahi kukiona kidonda kikiwa wazi. Kwa muda wote huo alikuwa akitoka nje kila nilipoanza.

"Hii yote?" alimwuliza Mama kwa Kimaa.

"Hiyo yote," Mama alijibu, naye akitazama ukutani kama kawaida.

Akaosha. Tangu siku hiyo, hadi mwisho, ni yeye aliyeosha.

*

Loitokitok kuna baridi ambayo sikuijua Kitengela. Asubuhi mlima unatokea mzima juu ya mabati, na kabla hujamaliza chai umeshajifunika. Nilisoma kwa hasira. Nilijifunza jinsi damu inavyokataa mtu. Ilichukua somo moja, alasiri moja, na mchoro ubaoni, na nilipouelewa niliweka kalamu chini. Kilikuwa kitu cha kueleweka. Ningeweza kumweleza yule mwanamume, kwa Kimaa, akielewa, kwa kutumia mfano wa ng'ombe anayekataa ndama asiye wake. Sikujua alikokuwa.

Nilipiga simu nyumbani kila nilipopata nafasi. Baba alikuwa akinieleza rangi ya kidonda kama mtu anayeripoti hali ya malisho. Leo ni nyekundu, vizuri. Leo kuna weupe pembeni. Leo kinanuka kidogo, si sana. Nilimwambia la kufanya naye akafanya.

Mwaka wa pili mvua ilikosekana, na iliyofuata ikakosekana pia. Wenye ng'ombe walihama. Wengine waliwapeleka kuvuka mpaka, wengine upande wa Chyulu, popote palipokuwa na jani. Ng'ombe wanahama na mwenyewe, la sivyo hawarudi. Kila mtu anajua hivyo. Baba mkubwa alimpigia simu Baba mbele ya wazee wengine, kumwambia lini wanaondoka.

Hayo nilisimuliwa na dada baadaye. Baba alijibu kwamba hawezi kuondoka, ana kazi nyumbani. Wakamwuliza kazi gani. Hakusema. Akawaunganisha ng'ombe wake na wa kaka yake, waende bila yeye, akabaki na mbuzi wachache wanaoweza kula hata karatasi. Ng'ombe waliondoka wakiwa wamekonda. Waliorudi ni wale ambao mtu angeweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Nilipokuja likizo nilipita barabara ya Namanga nikaona mizoga pembeni, ngozi zimekauka juu ya mbavu, na mbele ya nyumba yetu zizi lilikuwa wazi, limefagiliwa. Baba alikuwa amelifagia. Sijui kwa nini.

Mama alinishika mkono tukiwa peke yetu. "Ng'ombe zake zimekufa juu ya mguu wangu," alisema. "Ukiwa msomi, usiwahi kusahau nani alisomesha wewe."

Nilitaka kubaki. Nilimwambia nitaahirisha masomo mwaka mmoja. Alinitazama kwa macho ambayo sikuyapenda, kwa sababu hayakuwa na hasira tena.

"Maitu," alisema, "ukibaki utabaki kuangalia tu."

Nilirudi.

*

Mwaka wa mwisho tulipelekwa kwenye vituo vya afya vya vijijini kufanya mazoezi. Mimi nilipangiwa Rombo, karibu na mpaka wa Tanzania, ambako wanawake wanakuja kliniki wakiwa na vitunguu na nyanya za kupeleka sokoni, na mtandao wa simu unaingia na kutoka. Nilipenda pale. Nilizalisha watoto kwa mikono yangu mwenyewe, mkunga mkuu amesimama nyuma yangu, amekunja mikono, hasemi kitu. Kwa mara ya kwanza nilikuwa yule anayeulizwa.

Siku moja adhuhuri nilikuwa nadunga watoto chanjo, foleni imefika nje. Simu ilitetemeka mfukoni nikaiacha. Ikatetemeka tena. Nilipotoka kuangalia ilikuwa dada, na mtandao ukakatika kabla hajasema neno. Nilitembea mpaka kwenye kichuguu nyuma ya kituo ambako kila mtu alikuwa akisimama kutafuta mtandao. Nikampigia.

"Uko na mtu hapo karibu?" aliniuliza.

Nikasema niko na foleni ya akina mama.

"Basi kaa chini," alisema.

Homa ilikuwa imemshika Mama ghafla, siku mbili kabla. Baba aliona wekundu unapanda kutoka kwenye kidonda kuelekea goti, akampeleka hospitali siku hiyo hiyo bila kunipigia, kwa sababu Mama alimwapisha asinipigie hadi nimalize Rombo. Walimwanzia dawa. Walikuwa wanajiandaa kumkata mguu. Alifia katika wodi ile ile niliyojifunzia kazi, asubuhi, wakimwandaa kwa upasuaji.

Nilirudi nikamaliza foleni. Watu wameniuliza baadaye niliwezaje. Walikuwa watoto wengi, mama zao walikuwa wametembea, na sindano ilikuwa tayari mkononi mwangu.

Tulimzika kwetu, nyuma ya nyumba, kwenye udongo mweusi uliokuwa umepasuka kwa ukame. Watu wa Murang'a walikuja na nyimbo zao, na watu wa Baba wakasimama kando wamejifunga shuka. Mimi nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelipanga kichwani njia nzima kutoka Rombo, jinsi sumu ya kidonda inavyoingia kwenye damu, jinsi presha inavyoanguka na viungo vikafuatana kuzima. Ningeweza kulisema kwa lugha zote za nyumbani kwetu. Nilimngoja Baba aulize. Tulikaa pamoja nje jioni nyingi, na hakuuliza. Siku moja nikaanza mwenyewe, bila kuulizwa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Niliosha vizuri?" aliuliza.

"Uliosha vizuri, Baba."

"Basi," alisema.

*

Nilipita mtihani wa baraza. Nikasajiliwa. Ningependa kusema kwamba mambo yalinyooka, lakini kupata jina la muuguzi na kupata kazi ya muuguzi ni vitu viwili, na mwaka mzima nilikuwa nabisha hodi kliniki kwa kliniki, Kitengela, Isinya, mpaka Embulbul kule Ngong, nikiambiwa ningoje. Baadhi ya wasichana wa kozi fupi walikuwa wameshapanda ndege kitambo, wanalea wazee wa watu nchi za mbali, na wanajenga. Mmoja alinipigia simu ya video kutoka kwenye chumba chenye zulia. Nyuma yake mzee alikuwa amelala na blanketi limefika kidevuni. Aliniuliza nafanya kazi wapi, nikamwambia natafuta. Akabadilisha mazungumzo kwa adabu. Sikumwonea wivu, na sikuona kwamba nimemshinda.

Mwishowe nilipata mkataba katika kituo kimoja cha afya upande wa Kajiado. Mkataba huo unaisha na kuanza, unaisha na kuanza. Kuna siku nipo peke yangu kwa kila kitu, na siku hizo madaktari wananiuliza kwa simu mimi nikiwa natafuta wa kumwuliza. Wapo waliopona mikononi mwangu na wapo ambao sitawasahau. Msichana akiniuliza achukue kozi ipi, namwambia atafute kwanza ni nani anamtegemea nyumbani na kama yuko tayari kumwacha. Wengi hawapendi jibu hilo. Wanataka niseme ndefu ni bora.

Baba anaishi peke yake. Anajipikia ugali, anachunga mbuzi wake, na amekataa kuhamia kwangu. Nilipoanza kuona anashika ukuta akisimama, nilimletea mashine ya presha nyumbani. Alikataa kunyoosha mkono.

"Wewe ni mtoto yangu," alisema. "Si daktari yangu."

Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamtuma dada. Hakuna kilichosaidia. Nikaacha.

Mwezi uliopita nilitoka chumba cha kufungia vidonda nikamkuta kwenye benchi, kati ya mwanamke mwenye mtoto na mzee mwingine, amevaa shuka safi, kadi yake mkononi. Alikuwa amesafiri bila kuniambia. Hakunisalimu kama binti yake wala hakusimama. Nilimwacha kwenye foleni, kwa sababu niliona ndivyo anavyotaka, nikahudumia waliomtangulia. Zamu yake ilipofika aliingia, akaketi, akakunja shuka mpaka begani, akanyoosha mkono wake juu ya meza yangu.

Nilimfunga kitambaa cha mashine. Presha ilikuwa juu sana. Nilimwambia, na nikamwambia pia ina maana gani, bila kumficha chochote.

Alisikiliza.

"Haya," alisema. "Sema vile nitafanya."